Kusimamisha Mlinzi: Maneno ya Ulinzi wa Ruta na Maana Zake

1. Nia ya makala haya

Makala haya yana nia mbili zinazofuatana. Ya kwanza ni kueleza kwa Kiswahili jinsi ruta inavyowekewa maagizo ya kujiangalia yenyewe, na jinsi maagizo hayo yanavyoweza kuzuiwa kwa muda bila kufutwa. Ya pili ni kuonyesha kwamba katika kazi hiyo hatari moja kubwa hutoka katika neno letu la kila siku, nalo ni "kusimamisha". Dawa ya hatari hiyo haitaki neno jipya la kubuniwa, kwa kuwa maneno yanayofaa yamo tayari katika midomo ya watu wa kazi.

Ruta ni chombo kinachopokea habari zilizogawanywa katika vifungu vidogo, kikasoma anwani ya kila kifungu, kisha kikachagua njia ya kukipitisha. Wako waliopendekeza kukiita kipanganjia, na jina hilo limeundwa vizuri. Walakini mafundi husema ruta, nasi tutafuata usemi wao. Kazi iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo mwaka 2004 ilitoa programu ziitwazo Jambo OpenOffice, ilisaidia sana kuzoeza watu maneno ya ofisini kama faili, hati, kuhariri na kuhifadhi. Maneno ya wale wanaotunza mitambo ya mtandao yanangoja uchunguzi wa namna hiyo, na makala haya yanagusa sehemu ndogo tu.

2. Ulinzi wa shamba na ulinzi wa ruta

Ili msomaji asiyezoea mitambo apate picha, na tuanze na jambo linalojulikana. Kata ya Migato imo katika wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu. Kabla ya mkoa huo kuundwa mwaka 2012, nchi hiyo ilihesabiwa katika wilaya ya Bariadi, mkoa wa Shinyanga. Wenyeji wake, aghalabu Wasukuma, ni wakulima na wafugaji, na nchi yao yajulikana kwa pamba na nafaka.

Mwenye mtama shambani hujua maana ya kuamia ndege. Mwenye kuamia hukaa juu ya dungu, akaangalia pande zote. Kazi yake ina sehemu tatu. Kwanza, liko jambo analolingojea, yaani kundi la ndege kutua. Pili, yako macho na masikio ya kulitambua. Tatu, liko tendo lililokwisha kuamuliwa tangu asubuhi, kwamba ndege wakitua apige kelele na kurusha mawe kwa kombeo. Hali kadhalika walinzi wa sungusungu, ambao vikundi vyao vilianza katika nchi za Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980: yowe likipigwa usiku, kila mtu hujua la kufanya pasipo kungoja kuamriwa upya.

Ruta nayo yaweza kulindwa hivyo hivyo. Na tudhani kwamba shule moja ya kata kama Migato imeunganishwa na intaneti kwa njia mbili: ya kwanza ni mnara wa redio unaoelekea mjini, na ya pili ni laini ya simu ya mkononi, ambayo ni ghali na huwekwa kwa dharura. Fundi aliyeiweka ruta yuko Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Hawezi kukesha akiiangalia. Kwa hiyo huiachia ruta agizo, kwamba njia ya kwanza ikianguka, iandike habari hiyo katika daftari lake, ifungue njia ya pili, kisha impelekee fundi ujumbe.

3. Sehemu tatu za ulinzi

Katika ruta za kampuni ya Cisco, ambazo zimeenea sana duniani, ulinzi huu hufanywa na kitu kiitwacho Embedded Event Manager, kilichoanza kutumika katika miaka ya mwanzo ya 2000. Ruta za makampuni mengine zina vitu vya namna hiyo kwa majina mbalimbali, bali mpango wake haupitani sana. Sehemu zake ni tatu.

Ya kwanza ni vigunduzi. Kigunduzi ni sehemu ya programu inayongojea tukio la aina moja. Kimoja husoma kila ujumbe ambao ruta huuandika katika daftari lake. Kingine hutazama saa. Kingine huhesabu vifungu vinavyopita mlangoni. Kingine huangalia amri zinazochapwa na mtu.

Ya pili ni agizo lenyewe. Agizo laweza kuandikwa kwa namna mbili. Liko agizo fupi, liitwalo apleti, ambalo huandikwa mstari kwa mstari ndani ya usanidi wa ruta. Na iko skripti, ambayo ni hati kamili iliyoandikwa nje kwa lugha ya Tcl, lugha aliyoibuni John Ousterhout huko California mwaka 1988, kisha ikawekwa katika kumbukumbu ya ruta na kuandikishwa. Agizo lisiloandikishwa halifanyi kazi, hata kama maneno yake yote ni sahihi. Skripti iliyomo ndani ya ruta lakini haikuandikishwa ni kama mtu aliyekuja na kombeo lake bila kupewa shamba la kuamia.

Ya tatu ni mpangaji. Kigunduzi kinapotambua tukio, hakitendi chenyewe. Humpelekea mpangaji habari, naye huliweka agizo katika foleni na kulipa nafasi ya kutenda. Msomaji na amshike sana huyu mpangaji, maana maneno yote ya sehemu ya pili ya makala haya yanamzunguka yeye.

4. Mambo matatu ya kuangaliwa wakati wa kuandika agizo

La kwanza ni utaratibu wa matendo. Kila tendo la apleti hupewa alama mbele yake, na ruta huyafuata matendo kwa utaratibu wa alama hizo. Walakini alama hizo, hata zikiwa ni tarakimu, hazipangwi kwa kuhesabu. Hupangwa kama maneno ya kamusi, herufi baada ya herufi. Basi, 10 huja kabla ya 2, kama vile "baba" lilivyo kabla ya "bi" ijapokuwa ni refu zaidi. Mtu akiandika matendo kumi kwa alama 1 hadi 10, tendo la mwisho litafanywa la pili. Anayezoea kutunga kamusi ataona sababu mara moja. Dawa ni kuandika 010, 020, 030 na kuendelea, ili urefu wa alama zote uwe mmoja.

La pili ni saa. Agizo laweza kuwekewa wakati, mathalani kila siku saa fulani. Ruta huhesabu saa tangu usiku wa manane, lakini Mswahili huhesabu tangu mapambazuko. Aliyeambiwa "saa mbili asubuhi" akaandika 2 ameiagiza ruta ifanye kazi saa nane za usiku. Tena, ruta isiyoelezwa iko nchi gani hufuata saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa muda wa saa tatu. Hapo hiyo 2 itakuwa saa kumi na moja za alfajiri. Kwa hiyo anayetoa maelezo kwa maneno sharti ataje wakati kwa njia zote mbili: "saa mbili asubuhi, andika 8".

La tatu ni agizo linalojiamsha lenyewe. Tuseme mtu ameandika kwamba kila ujumbe wa "njia imeanguka" utokeapo, ruta iufunge mlango wa njia hiyo kisha iufungue tena, kwa tumaini kwamba njia itapona. Agizo laonekana la busara. Lakini tendo la kuufunga mlango nalo huandikisha ujumbe kwamba njia imeanguka. Ujumbe huo huamsha agizo, agizo hufunga mlango, na ujumbe mwingine huandikwa, bila mwisho. Desturi njema ni kuweka masharti, mathalani kwamba agizo lisiamke ila ujumbe ukitokea mara 3 katika sekunde 60. Na tangu awali agizo hupewa ukomo wa sekunde 20 za kutenda, isipokuwa mwandishi wake amebadili kadiri hiyo. Ukomo huo hukata agizo lililokwama, bali hauzuii agizo linaloamshwa upya kila mara.

5. Haja ya kuzuia ulinzi kwa muda

Zipo nyakati ambapo ulinzi mwenyewe huwa mzigo. Maelezo ya Cisco hutaja sababu mbili hasa. Ya kwanza ni usalama: iwapo yashukiwa kwamba mtu mbaya ameingia katika ruta, haifai maagizo yaendelee kutenda, maana huenda mojawapo ni lake. Ya pili ni uwezo: prosesa ya ruta ikielemewa, yafaa kuipunguzia kazi hizi ili ipate nafasi ya kupitisha habari za watu.

Sababu hii ya pili yaweza kutokea pasipo kosa la mtu yeyote kijijini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania na ya nchi jirani ikadhoofika sana. Katika siku kama hiyo mnara wa shule yetu ya mfano ungekuwa mzima, na njia yake hadi mjini nzima. Lakini agizo linalopima kama habari zafika nchi za mbali lingeamka na kulala mara nyingi kwa saa, likihamisha njia huku na huko, na kuitumia bure laini ya simu iliyo ghali. Fundi mwenye akili angetaka maagizo yote yatulie mpaka mambo yatengemae, kisha yaendelee kama yalivyokuwa.

Amri ya kufanya hivyo ipo, na ni fupi: "event manager scheduler suspend". Ikichapwa, mpangaji huacha mara moja kuyapa maagizo nafasi ya kutenda. Maagizo hayaondolewi, yote hubaki yameandikishwa. Matukio yanayotambuliwa huweza kungoja katika foleni. Ili kuyaendeleza, huchapwa amri ile ile na neno "no" mbele yake. Hapo mpangaji hurudi kazini, na maagizo yaliyokuwa yakingoja hutenda.

Hapa pana mtego. Neno hilo hilo "no", likiwekwa mbele ya mstari wa apleti, hulifuta agizo kabisa. Mahali pamoja humrudisha mlinzi, mahali pengine humwondoa. Fundi anayesema kwa simu "weka no mbele yake" bila kutaja mbele ya mstari upi, amemwachia msaidizi wake kubahatisha.

6. Ugumu wa neno "kusimamisha"

Sasa na tuje kwenye Kiswahili. Fundi wetu yuko Dar es Salaam. Huko kijijini yuko mwalimu aliyefundishwa kuchapa amri chache. Fundi amwambia kwa simu, "Isimamishe ile skripti ya ulinzi." Mwalimu afanye nini?

Kitenzi "simama" kina maana ya kuwa wima na maana ya kuacha kwenda. Kikiingia katika kauli ya kutendesha, maana hizo mbili huachana. Twasema kusimamisha nguzo, yaani kuiinua. Na chama husimamisha mgombea, yaani humtoa aanze kugombea. Lakini twasema pia kusimamisha gari na kusimamisha mchezo, yaani kuukatiza. Katika maneno hayo msikilizaji hapotei, kwa sababu hali ya kitu chenyewe humwongoza. Kilicholala kikisimamishwa huanza. Kinachokwenda kikisimamishwa hukoma. Nguzo ilikuwa imelala, gari lilikuwa linakwenda, wala hakuna anayeuliza.

Skripti ya ulinzi haikulala, wala haiendi. Inangoja. Mlinzi aliye kazini ni mtu aliyesimama tayari, na "kumsimamisha mlinzi" kwa watu wengi ni kumweka mahali pake alinde. Kwa hiyo kielekezi kile kilichotuongoza katika nguzo na gari hakipo, na amri yaweza kusikiwa kwa maana mbili zinazopingana. Tukiongeza kwamba kauli ya kutendea, "simamia", imetupa neno "msimamizi", na kwamba mtambo wenyewe wafaa kuitwa msimamizi wa matukio, tutapata sentensi hii: "Msimamishe msimamizi asisimamie." Ni Kiswahili safi, na haifai kusemwa kwa simu.

Maneno mengine yaliyo karibu yana matatizo yake. "Kusitisha" lilikuwa lingefaa kwa asili yake, maana kusita ni kutua kidogo kwa mashaka. Lakini katika lugha ya ofisi mkataba uliositishwa mara nyingi ni mkataba uliokwisha, na msikilizaji aweza kufuta agizo akidhani ametii. "Kuahirisha" hutaka jambo lisiloanza na siku ya kulirudia. "Kuzima" ni hatari zaidi, kwa maana mwalimu aweza kuizima ruta yenyewe. "Kupumzisha" lavutia, lakini mtu aliyepumzishwa katika cheo chake aghalabu harudi tena. Wako watakaotaka "kutega" na "kutegua", kwa kuwa agizo linafanana na mtego. Jozi hiyo ni nzuri kwa kuandikisha agizo na kuliondoa. Lakini mtego ulioteguliwa sharti utegwe upya, nasi twatafuta neno la mtego uliotulizwa huku kamba zake zingali mahali pake.

7. Maneno ya kazini

Neno hilo lapatikana kwa wafanyakazi. Mtumishi anayechunguzwa husemwa kwamba amesimamishwa kazi. Kila mtu hujua kwamba hakufukuzwa: jina lake lingali katika daftari, na huenda akarudishwa kazini. Aliyeachishwa kazi ni mwingine. Tofauti hii haikubuniwa na wanachuo. Imekazwa na haja ya watu wenyewe, kwa sababu mshahara wa mtu umeitegemea. Na latazamwe jinsi neno "kazi" linavyoondoa utata wote: "kumsimamisha mlinzi" kuna maana mbili, "kumsimamisha kazi mlinzi" kuna moja.

Iko hatua moja zaidi. Tumeona kwamba amri ya ruta haimtaji mlinzi hata mmoja, humtaja mpangaji. Katika hospitali, shule na vituo vya ulinzi, kugawa watu kwa wakati huitwa kupanga zamu, na kila aliyesoma shule amemjua mwalimu wa zamu. Basi huyu mpangaji wa ruta ni mpanga zamu, na kinachosimamishwa ni zamu. "Simamisha zamu" haiwezi kueleweka kama "anzisha zamu", kwa kuwa zamu haisimami wima. Ama yaendelea, ama imekatizwa. Wala haiwezi kueleweka kama "fukuza walinzi".

Twapendekeza maneno haya yatumiwe pamoja, kila moja mahali pake:

Tukio: jambo linalotokea katika ruta na kuweza kutambuliwa.
Kigunduzi: sehemu inayolitambua tukio la aina moja.
Agizo la ulinzi: maelezo ya tukio linalongojewa na matendo yanayofuata, iwe kwa apleti au kwa skripti. Neno "sera", linalotumiwa na wengine, ni zito mno kwa jambo hili.
Kuandikisha agizo: kulitia katika daftari la ruta ili lianze kungojea.
Mpanga zamu: anayeyapa maagizo nafasi ya kutenda.
Kusimamisha zamu: kuzuia maagizo yote yasitende, huku yakibaki katika daftari.
Kurudisha zamu: kuyaruhusu tena.
Kufuta agizo: kuliondoa katika daftari lisirudi ila kwa kuandikishwa upya.

8. Kabla ya kurudisha zamu

Tofauti kati ya kusimamisha na kufuta huonekana hasa saa ya kurudisha. Zamu ikirudishwa, matukio yaliyongoja katika foleni hushughulikiwa, hata kama haja yake imekwisha. Kundi la ndege lililotua jana na kuruka laweza kurushiwa mawe leo. Kwa hiyo, kabla ya kurudisha zamu, ni wajibu kwanza kuitazama foleni. Ruta ina amri ya kuionyesha na amri ya kuyaondoa yasiyotakiwa. Mwalimu aliyeambiwa tu "irudishe" bila kuelezwa habari ya foleni ataona njia zikibadilika kwa ghafula, naye atadhani amekosea.

Yafaa pia kukumbuka kwamba usanidi wa ruta usipohifadhiwa hupotea umeme ukikatika. Agizo lililoandikishwa likafanya kazi mwezi mzima bila kuhifadhiwa halitakuwapo ruta itakapowaka tena. Huko si kusimamishwa wala kufutwa na mtu, ni kupotea. Na anayetoa taarifa kwa fundi sharti alitaje kwa jina lake, maana dawa ya kila hali ni tofauti.

Mwisho, kusimamisha zamu huwazuia walinzi wote, wema na wabaya. Ikiwa agizo moja tu ndilo lenye kosa, ni afadhali kunakili maneno yake mahali salama, kulifuta hilo peke yake, na kuliandikisha tena baada ya kulisahihisha. Shule iliyosimamishiwa zamu yake ina ruta inayofanya kazi na isiyolindwa. Njia ya kwanza ikianguka usiku huo, hakuna kitakachofungua ya pili.

Twawaachia wenzetu wapime maneno haya kwa mafundi wa mahali mbalimbali, bara na pwani, hasa kwa wale wanaopokea maelekezo kwa simu. Neno litakaloeleweka kwa maana moja Dar es Salaam na Migato, likisemwa mara moja tu, ndilo lenye haki ya kuingia katika kamusi.